Mguu wa Bregedia na Kichuguu cha Baba Yangu

Benchi la Mariam Poni liko Koboko mjini, kando ya barabara ya Arua, ubavuni mwa banda la fundi baiskeli. Ni ubao mmoja mrefu juu ya masanduku mawili ya risasi, matupu, na hakuna anayeuliza yalitoka wapi maana kila nyumba hapa ilikuwa na mwanajeshi wake. Mariam Poni anauza kahawa ya tangawizi, kali hata inakutoa jasho puani, na sisi wa kila siku tunakaa hapo baada ya swala ya alasiri. Mwaka ninaousema ni 1989, mvua zilikuwa zimeanza. Tulikuwa wanne na birika moja. Asiku, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, alisoma kwa mapadre huko Zaire tulikokimbilia. Sule, anaitwa Spoki, ndiye fundi wa baiskeli. Taban tunamwita Bregedia, ingawa katika jeshi la zamani alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi tu. Nami, Sulaimani, jina langu la hapo ni Shehe Nusu, maana madrasa niliiacha katikati vita ilipofika. Jioni hiyo kulikuwa na bakuli la kumbikumbi wa kukaanga katikati yetu. Bregedia ndiye aliyewaleta. Niliwala, Mungu anisamehe, na kila mmoja alinipita kooni kama mwiba, na walikuwa watamu.

Lazima niseme kwa nini. Mimi na Bregedia tumepakana huko Lurujo, na katikati yetu kuna kichuguu. Marehemu baba yangu alikuwa akitega kumbikumbi pale tangu mimi sijaota meno. Anachimba kishimo mdomoni mwa kichuguu, anafunika kwa majani, mvua ikikatika wadudu wanajaa ndoo. Tukakimbia mwaka 1979, jeshi la zamani liliposhindwa. Baba akafa ng'ambo, karibu na Aba, mama naye akamfuata, wote wawili wamelala kwenye udongo wa watu. Bregedia alirudi, na katika mwaka uleule wa kurudi lori la tumbaku likamlalia, na hospitalini Arua wakamkata mguu wa kushoto. Dada yake Drateru akaufunga mguu kwa shuka, akaja nao kwenye basi mpaka Lurujo, ukazikwa chini ya kichuguu kile.

Kwetu shamba halina hati. Ushahidi ni kaburi. Ukionyesha wako aliyelala mahali, wazee wanainamisha kichwa na maneno yanaisha. Na wazee walikuwa waje kesho yake, pamoja na mwenyekiti wa RC, lile baraza la kijiji, kuamua kichuguu ni cha nani. Mimi nina makaburi mawili, yote Zaire. Mwenzangu ana mguu. Nimewahi kumwonea mtu wivu kwa ng'ombe, kwa mke, hata kwa sauti yake ya kuadhini. Sikujua kwamba ningefika kumwonea mtu wivu kwa kukatwa mguu.

Na iko sehemu moja ambayo hapo benchini hakuna aliyeijua. Aliyechimba lile shimo ni mimi. Nilikuwa nimerudi siku chache tu kabla. Drateru alikuwa peke yake na kile kifurushi, ardhi ngumu, jembe halina mpini wa maana. Nikamchimbia. Sikumwambia mtu, kwa sababu nilifundishwa kwamba jambo la kheri halitangazwi. Baadaye Drateru akavuka kwa mumewe Zaire, hajarudi. Basi ukabaki mdomo wangu, nami nikaufunga. Kwanza niliufunga kwa ajili ya Mungu. Siku hizi za mwisho niliufunga kwa ajili ya kumbikumbi.

Spoki alitafuna, akajilamba vidole.

Spoki: Bregedia, hii kumbikumbi ya leo iko na mafuta sana.

Bregedia: Kichuguu yangu inajua mwenyewe wake.

Yangu. Alilisema polepole, akiangalia kahawa, wala hakunitazama. Hapo ndipo shetani alipokaa karibu nami kwenye ubao.

Mimi: Redio, hebu tuambie ile habari ulianza juzi. Ya rais wa mguu.

Redio: Santa Ana? Ile si habari ya kunywa na kikombe moja.

Mimi: Mariam Poni, mwongezee.

Mariam Poni: Birika inaelekea mwisho, Shehe. Kama iko na hadithi mrefu, mwambie akate kichwa na mkia.

Nilijua mwisho wa habari ile. Redio alikuwa amenidokezea sokoni. Nilitaka mwenzangu aisikie mbele za watu, kumbikumbi wake wakiwa mdomoni.

Redio: Haya. Kulikuwa na padre moja mzee, yeye alikaa Meksiko mbele ya kuja kwetu. Alituambia, miaka ile ya babu ya babu zetu, kule Meksiko kulikuwa na mwanajeshi, jina yake Santa Ana. Aliingia jeshi mutoto, jeshi ya mfalme wa Wahispania. Halafu akaona upepo imegeuka, naye akageuka. Akapiga wale mabwana zake wa zamani mpaka wakarudi kwa meli. Watu wakasema huyu ndiye. Akakuwa jenerali, akakuwa rais.

Bregedia: Alipindua?

Redio: Mara anapindua, mara wanamwita, mara anapinduliwa. Wengine wanahesabu mara kumi na moja alikuwa rais.

Spoki: Mutu moja?

Redio: Mutu moja.

Bregedia: Sasa angalia dunia. Yeye anafukuzwa, anarudishwa, anafukuzwa, anarudishwa. Sisi tulifukuzwa mara moja tu, na kurudi tukarudi kwa miguu, na mpaka leo mutu akikuona na buti anauliza umetoa wapi.

Alikuwa na wivu hata na Mmeksiko aliyekufa. Ilinifurahisha kidogo kuona siko peke yangu.

Redio: Kuna vita moja alishindwa vibaya. Akavua nguo ya jenerali, akavaa ya mutu wa chini, akajificha kwa nyasi. Adui wakamshika, hawakumjua. Wakampeleka pale wanaweka mateka. Askari zake walipomwona wakasimama wote, wanaita, Rais, Rais. Akaharibika hapo.

Spoki alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Bregedia hakucheka.

Bregedia: Mimi 1979 nilitupa gwanda kwa shimo ya choo, nikavaa gauni ya mama moja, nikapita hapa hapa. Hakuna mutu hata moja alinipigia saluti.

Spoki: Wangepigia nani? Tarumbeta?

Mariam Poni: Mumwache. Gauni ile ilikuwa ya mimi, na hakurudisha.

Tukacheka wote, na kwa kitambo kidogo nikasahau nilichokuwa natafuta. Lakini Redio hasahau.

Redio: Sasa kuja kwa mguu. Wafaransa walikuja na meli kupiga mji wa pwani. Santa Ana akatoka kuwafukuza. Mzinga ikapiga farasi, ikapiga yeye, mguu wa kushoto. Wakakata.

Bregedia: Kushoto?

Redio: Kushoto.

Bregedia alishika paja lake pale linapoishia, juu ya goti, kama mtu anayegusa mfuko kuona kama kitu bado kimo.

Redio: Wakazika ule mguu kwa shamba yake. Halafu akakuwa rais tena. Akaona mguu kama ule haiwezi lala shamba kama mguu wa mukulima. Wakafukua, wakaleta mji mkuu kwa gari la farasi. Askari kwa mstari, bendi inapiga, mizinga, mawaziri na kofia, watu wanasoma mashairi. Wakajengea mnara.

Bregedia: Bendi ilipiga?

Redio: Bendi, bwana. Tarumbeta tupu.

Uso wa Bregedia ulibadilika. Naapa aliwaka kama bibi harusi. Akajinyoosha kwenye ubao, gongo lake akaliweka kama bunduki ya gwaride.

Bregedia: Sasa munaona. Watu wananicheka ati Bregedia amezika mguu, Bregedia anasalimia mguu Ijumaa. Rais mzima alifanya. Ile si mchezo. Mguu ikitangulia, inakushikia nafasi. Siku yako ikifika hapana hangaika, wewe unafuata mwenzako.

Mimi: Dini haisemi hivyo. Kiungo kinazikwa kwa heshima tu, hakiswaliwi.

Bregedia: Sikusema kiliswaliwa. Nimesema kimenishikia nafasi.

Na nafasi aliyokuwa anaisema sote tuliijua iko wapi. Nikachukua kumbikumbi mwingine kwa hasira.

Spoki: Mimi naona ingine. Ile mguu ilikuwa makamu wa rais. Yeye akifukuzwa, mguu inabaki inatawala. Ndiyo maana kila wakati anarudi. Mguu inaita mwenyewe.

Redio: Kama antena.

Spoki: Kama antena. Hata hii ya Bregedia. Mbona zamani kichuguu ile ilikuwa inatoa kumbikumbi ya kawaida, sasa inajaza magunia? Mguu iko chini inafanya kazi. Iko inapiga gwaride, wadudu wanasikia, wanafikiri ni mvua.

Mimi: Wakati wa baba yangu kilijaza ndoo bila mguu wa mtu.

Spoki: Baba yako hakuwa na gwaride.

Mariam Poni: Wanaume nyinyi. Siku mutu atakatwa ulimi hapa, huo ndio nitazika na mizinga, mimi mwenyewe.

Redio: Ngojeni, iko mguu wa pili. Santa Ana akavaa mguu wa kutengeneza. Kuja vita na Waamerika. Padre alisema jenerali alikuwa anakula kuku, adui wakatokea, akapanda farasi akakimbia, mguu ikabaki. Waamerika wakachukua, wakaenda nayo kwao, wanaonyesha watu.

Spoki: Basi fikiria. Mguu moja kwa kaburi, mguu moja Amerika, yeye mwenyewe ametoroka kwa nchi ya tatu. Huyu mutu angeweza kuwa rais wa nchi tatu na hapana toka kitandani.

Bregedia alicheka sana, mkono wake juu ya bega langu. Hakuwa ameniwekea mkono begani tangu maneno ya kichuguu yaanze. Hapo nilikuwa na njia ya kuacha. Ningeweza kusema, Redio, inatosha, kahawa inaisha. Badala yake nikasema hivi:

Mimi: Redio, umeruka kitu. Ule mguu wa kaburini uliishia wapi?

Redio alinitazama. Ni mropokaji lakini si mjinga.

Redio: Shehe, iko lazima?

Mimi: Ulianza, maliza.

Redio: Basi. Watu walichoka na yeye. Kodi, kelele, sanamu zake kila mahali. Mji ikawaka moto. Wakaangusha sanamu. Wakaenda kwa mnara, wakafukua mguu, wakafunga kamba, wakaburuta kwa barabara, wanapiga kelele. Haikuonekana tena. Yeye akakimbia. Alirudi tena, akajiita jina ya kifalme, wakamfukuza tena. Mwisho akaachwa kurudi mzee, macho imekufa, pesa hapana, na hakuna mutu alitoka nje kumwangalia. Akafa.

Baiskeli ya mteja wa Spoki ilikuwa imegeuzwa juu chini, gurudumu lake likizunguka bado kwa upepo. Bregedia aliondoa mkono wake begani mwangu.

Bregedia: Shehe. Kwa nini wewe uliomba hii habari leo?

Mimi: Habari ni habari.

Bregedia: Kesho wazee wanakuja, na leo wewe unataka kusikia watu wanafukua mguu.

Mimi: Mimi nifukue mguu? Nina dini.

Bregedia: Dini nusu. Leo mimi nalala kule kwa kichuguu, na panga. Mutu akikuja na jembe, tutaona nani atazikwa.

Spoki: Mukipigana semeni saa, nifunge duka.

Mwishoni mwa ubao alikuwa amekaa mwanamke anayengoja gari la Arua. Jina lake Pasca, mtu wa Ayivu, alikuja Kuluba kumwona mtoto wa dada yake na alikuwa na mfuko wa maharagwe kati ya miguu. Alikuwa amekunywa kahawa yake kimya tangu mwanzo wa hadithi. Akakohoa.

Pasca: Ndugu zangu, mimi mgeni, munisamehe. Huyu mzee anasema mguu yake iko pale. Nani aliona inaingia?

Bregedia: Dada yangu. Drateru.

Pasca: Yeye iko wapi?

Bregedia: Zaire.

Pasca: Wewe uliona?

Bregedia: Mimi nilikuwa kwa kitanda Arua, mama. Nilikuwa hapana jua hata jina yangu.

Pasca: Ah. Nauliza tu. Kwetu wazee wangeuliza.

Sijui kama alijua alichofanya. Spoki alikijua mara moja, na Spoki akipata uzi hauachi.

Spoki: Kweli. Kama mbwa walichukua kwa njia?

Redio: Kama ilisahauliwa kwa basi?

Spoki: Basi ile ilikuwa inakwenda mpaka Sudan. Mguu ya Bregedia inaweza kuwa ilivuka, iko Yei, imeoa. Ama Drateru aliogopa kubeba nyama ya mutu, akafunga shina ya ndizi kwa shuka. Bregedia, miaka yote hii kila Ijumaa wewe iko unasalimia ndizi.

Redio: Ya kujua ni kufungua tu.

Spoki: Na ukifungua, wewe ni kama wale wa Meksiko.

Kwa hiyo njia ilikuwa imefungwa pande zote. Bila kufukua, hakuna ushahidi. Ukifukua, umelivunja kaburi, na hakuna mzee wa Lurujo atakayekubali kusimama hapo. Nililiona hilo kama mtu anavyoona mlango wazi. Sikuhitaji jembe. Nilihitaji kunyamaza mpaka kesho mchana, basi, na kichuguu cha baba yangu kingerudi kwangu bila jasho. Nikamshukuru Mungu moyoni, na nilipomshukuru nikaona aibu ya kumtaja mahali kama pale.

Bregedia alikuwa ameinamisha kichwa. Mkono wake ulikuwa unapapasa hewa, chini ya pale mguu unapoishia, kana kwamba anatafuta goti.

Bregedia: Inawasha. Usiku ile mguu inawasha, na mimi najiambia, hapana, imelala, iko nyumbani. Sasa kama hakuna kitu pale, ni nini inawasha?

Aliuliza kwa sauti ndogo, kwa mtu asiyekuwepo. Nikaweka kikombe chini.

Mimi: Upo.

Spoki: Nini iko?

Mimi: Mguu upo. Mimi ndiye nilichimba.

Redio alirudisha kumbikumbi kwenye bakuli.

Mimi: Drateru alikuwa peke yake. Shuka ilikuwa ya hospitali, ya mistari ya bluu. Tuliulaza, vidole kuelekea kibla, kwa sababu sikujua mguu unalazwaje. Halafu Drateru akasema ngoja, akaenda nyumbani kwenu, akarudi na kiatu chako cha bendi, cha kushoto. Akakiweka kando ya mguu. Akasema kisibaki nyumbani kinamsubiri.

Bregedia aliinua kichwa polepole.

Bregedia: Kile kiatu.

Mimi: Ndicho hicho.

Bregedia: Mimi nilisema kwa watu ni wewe uliiba.

Mimi: Mimi?

Bregedia: Nilisema, Sulaimani iko na wivu mpaka na kiatu moja.

Mariam Poni aligeuka akaangalia jiko. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, kwa kicheko au kwa kingine. Bregedia alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishika hivyo mpaka nikaanza kujiona mtu mwema. Hapo ndipo Spoki alipolitoa neno lake.

Spoki: Shehe umejimaliza. Kesho wewe ndio shahidi ya Bregedia. Kichuguu imekwenda.

Na kweli kilikuwa kimekwenda, kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikahisi wivu unarudi wote, umenawa uso, umekaa mahali pake.

Mimi: Hakijaenda popote. Nilichimba kwa baba yangu. Niliupa mguu wake mahali, kama mgeni anavyopewa mkeka. Mgeni hachukui nyumba.

Bregedia aliachia mkono wangu.

Bregedia: Nani anazika mguu ya jirani kwa shamba yake mwenyewe? Wewe ulichimba pale kwa sababu ulijua ni kwangu.

Mimi: Nilichimba pale kwa sababu udongo wa chini ya kichuguu ni laini.

Bregedia: Sasa unaona. Hata hukujua.

Mimi: Nilijua vizuri kabisa. Ni cha baba yangu.

Bregedia: Babangu alitega pale mbele ya babako.

Mimi: Babako alikuwa anaomba kwa babangu, na bakuli.

Tulikuwa tumesimama, yeye na gongo, mimi na kikombe. Gari la Arua lilikuwa linapiga honi huko juu. Pasca akainuka, akajitwika mfuko wake wa maharagwe, akasimama akitutazama kwa zamu.

Pasca: Shehe, niambie kitu moja kabla nimeenda. Siku ile umeshika jembe, wewe na huyo dada, mulisema pale ni kwa nani?

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jibu, nilidhani ninalo. Nikajaribu kuiona siku ile. Niliona nyasi zimetupita vichwa, miaka yote ile hakuna aliyelima. Niliona kichuguu kimetokeza juu ya nyasi kama paa, kitu pekee nilichokitambua, na nilivyolia kukiona. Drateru alisema, hapa? Nikasema, hapa. Mpaka wa mashamba yetu sikuuona. Sikumbuki kama tuliutafuta.

Nikamwangalia Bregedia, labda yeye atasema. Naye aliniangalia mimi. Redio alikuwa anatazama barabara. Spoki alikuwa amelishika lile gurudumu lisizunguke.

Gari likaja, Pasca akapanda, vumbi likatuingia kwenye vikombe. Si kitu, vilikuwa vitupu. Mariam Poni aliinua birika, akalitikisa, akalipindua juu ya mawe.

Mariam Poni: Kesho wazee watauliza hivyo hivyo.

Tukakaa. Katika bakuli walikuwa wamebaki kumbikumbi wachache. Bregedia akalisukuma bakuli upande wangu kwa ncha ya gongo. Nikalisukuma upande wake. Akalisukuma tena. Mariam Poni alitungoja kidogo, halafu akalichukua akawamwagia kuku wake.